Kabla Hujanunua Maiki Nyingine

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa sauti na mafundi mitambo, Dar es Salaam

Ndugu mgeni rasmi, walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kuna mtihani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Wakati wa chai nimeulizwa maswali matatu. La kwanza, maiki gani ni nzuri kwa kurekodi mwimbaji. La pili, kama kadi ya sauti, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, ya bei ya chini inatosha au ni bora kuvumilia mpaka ipatikane ya bei ya juu. La tatu nimeulizwa na kijana aliyenivuta pembeni kama mwenye siri: ni kweli kuna waya wa spika wa laki kadhaa unaofungua trebo, yaani sauti za juu nyembamba? Yote matatu ni maswali ya dukani. Hakuna aliyeniuliza habari ya chumba anachorekodia. Wala hakuna aliyeniuliza atajuaje kwamba kile alichokisikia jana saa nane usiku, macho yakifumba yenyewe, kilikuwemo kweli kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote za wimbo.

Siwalaumu, maana ndivyo fani yetu inavyorithishwa. Fundi mkubwa anasema "mashine hii ina joto", mwanafunzi anaitikia, na baada ya miaka miwili yeye ndiye anayemwambia mwingine. Hilo joto hakuna aliyelipima. Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: sikio ndicho chombo chetu kikuu cha kazi, na chombo cha kupimia lazima ujue kinakosea wapi na kinakosea kwa kiasi gani. Fundi asiyeyajua makosa ya sikio lake atauziwa chochote.

Nianze na mtu aliyeanza bila chombo kingine ila sikio.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, kilikuwa na jumba jipya la sanaa lililoitwa Fogg, na ndani yake ukumbi wa mihadhara. Ukumbi wa kupendeza macho, lakini kusikilizana humo ilikuwa taabu. Mhadhiri akitamka neno, linabaki likizunguka kutani kwa zaidi ya sekunde tano, na wakati huo ameshatamka mengine kumi na tano, yote yanagongana hewani. Kazi ya kuutibu ukumbi huo akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, umri wake miaka 27. Hakuwa mtaalamu wa sauti. Na wala hapakuwa na maikrofoni ya kupimia.

Sabine alichukua filimbi ya kinanda cha kanisani, yenye sauti ya hezi 512, yaani mitetemo 512 kwa sekunde, na saa ya kupimia sekunde. Akawa anafanya kazi usiku wa manane, mji ukishatulia. Anapuliza filimbi, anaikata ghafla, anahesabu muda mpaka sikio lake lisisikie tena chochote. Kisha anakwenda ukumbi wa jirani, wa maonyesho, anabeba mito ya viti, anaitandika ukumbini, anapima tena. Anaongeza mito mingine, anapima. Kabla ya alfajiri mito yote inarudi mahali pake, maana kesho watu watakuja kukaa. Ukumbi ulipojaa mito, mwangwi ule wa sekunde tano na zaidi ulishuka hadi sekunde moja na kidogo.

Katika kurudia huko aligundua kwamba hata nguo alizovaa yeye mwenyewe zilibadilisha majibu, kwa kuwa nazo zinafyonza sauti. Vipimo alivyochukua bila kujali mavazi akavitupa, akaanza upya akiwa amevaa nguo zile zile kila usiku. Hapa ndipo ninapotaka mkae naye kidogo. Kila mtu ana masikio. Sabine aliyatumia masikio yake chini ya masharti: sauti ile ile, saa ile ile, nguo zile zile, kitu kimoja tu kinabadilika kwa wakati mmoja.

Matokeo yake ni kanuni ambayo hadi leo tunaitumia. Muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa kila kilichomo chumbani. Kwa kanuni hiyo akashauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na wanaocheza muziki mpaka leo wanausifu ukumbi huo.

Sasa tuilete kanuni hapa kwetu. Tuseme kuna kanisa, au ukumbi wa harusi, urefu mita 20, upana 12, kimo 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,200. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta iliyopakwa rangi, madirisha ni vioo. Nyuso zote pamoja ni mita za mraba 800, na nyuso ngumu za namna hiyo tuziwekee kwamba zinafyonza asilimia 4 tu ya sauti inayozigonga. Piga hesabu: mwangwi wa sekunde sita. Sasa ingiza waumini 300. Kila mtu na nguo zake anafyonza sawasawa na karibu nusu mita ya mraba ya dirisha lililo wazi, ambalo sauti ikitoka hairudi. Mimi nitamwekea 0.45. Mwangwi unaanguka hadi sekunde moja na pointi mbili hivi.

Mmeona? Fundi anakuja Jumamosi jioni, ukumbi mtupu, anajaribu mitambo kwa saa mbili, anakata huku na kuongeza kule kwenye ekolaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na trebo. Jumapili watu wanajaa, sauti inakuwa nyingine kabisa, na yeye anasema mikseri ina jini. Jini ni hao waumini 300. Na ile pesa iliyochangishwa kununua spika kubwa zaidi, kwa sababu "maneno hayasikiki", ingenunua mapazia mazito na mbao za kufyonza sauti, na maneno yangesikika. Spika kubwa kwenye chumba chenye mwangwi wa sekunde sita inakupa mwangwi mkubwa zaidi, basi.

Tukiwa bado chumbani, naomba tuzungumzie trei za mayai. Najua studio ngapi za vyumbani zina trei za mayai ukutani, nimeingia nyingi. Sauti kwenye hewa yetu ya nyuzi 30 inakwenda mita 349 kwa sekunde. Besi ya hezi 50 kwa hiyo ina wimbi la urefu wa mita saba. Trei ni karatasi ngumu yenye kina cha sentimita tano. Wimbi la mita saba halijui hata kama kuna trei. Kinachopunguzwa kidogo ni masafa ya juu peke yake, na chumba kinageuka kuwa cha ajabu: trebo imekufa, besi inanguruma kwenye pembe. Mablanketi mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta yanafanya kazi zaidi. Kabati lililojaa nguo nyuma ya mwimbaji, vilevile. Godoro lililosimamishwa ukutani msilidharau. Vyote hivyo mnavyo nyumbani.

Na kuna dawa nyingine isiyouzwa: umbali. Ukisogeza maiki kutoka sentimita 40 hadi 20 kutoka mdomoni, sauti ya moja kwa moja inapanda desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Ukisogea hadi 10, sita nyingine. Desibeli 12 za usafi kwa kusogeza stendi. Sijui kifaa cha dukani kinachokupa hizo kwa bei hiyo. Kuna gharama: maiki nyingi za studio huongeza besi mtu akizikaribia sana, na herufi za p na b zitapiga upepo. Weka kitambaa cha kukinga, geuza maiki pembeni kidogo, sikiliza.

Turudi kwenye sikio na udhaifu wake.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha michoro inayoonyesha jinsi sikio la binadamu linavyosikia masafa mbalimbali katika viwango mbalimbali. Kwa ufupi: sauti ikiwa chini, sikio linaisahau besi, na kwa kiasi fulani trebo ya juu kabisa. Ukipandisha sauti, besi inarudi yenyewe. Hujagusa ekolaiza, hujabadilisha spika, lakini muziki "umejaa".

Tafsiri yake ya mtaani ni hii. Muuzaji akitaka ununue spika ya pili, anaipandisha kidogo kuliko ya kwanza. Tofauti ya nusu desibeli au desibeli moja hutaisikia kama kelele zaidi. Utaisikia kama uwazi, kama kina, kama "hii ina uhai". Utatoa pesa ukiapa. Na prodyuza anajiuzia mwenyewe kwa njia hiyo hiyo: anaweka programu ya kubana sauti, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwenye miksi, programu inapandisha desibeli mbili, anashangilia. Dawa ni kushusha mpaka kiwango kilingane na cha mwanzo, kwa kipimo siyo kwa kukisia, ndipo ulinganishe. Ukifanya hivyo kwa wiki moja, nusu ya programu zako utazifuta.

Hapo hapo niwaguse wanaobana nyimbo mpaka zinakuwa ukuta. Tangu 2006 kuna kipimo cha kimataifa cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na vituo vya utangazaji vya Ulaya tangu 2010 vimekubaliana kiwango cha hasi 23 kwa kipimo hicho, ambacho namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye hasi 14. Umeubana wimbo wako ukafika hasi 7? Watakushusha desibeli 7, na ngoma zako zilizopondwa zitabaki zimepondwa, sasa zikiwa chini.

Lakini kiwango siyo udanganyifu pekee. Macho nayo yanasikiliza. Floyd Toole na Sean Olive walilionyesha hili mwaka 1994: wakawasikilizisha watu spika zile zile mara mbili, mara moja pazia likizificha na mara nyingine zikionekana. Zilipoonekana, alama zilibadilika. Spika kubwa za fahari zilipanda, na spika ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri nyuma ya pazia ilishuka. Nao waliosikiliza hawakuwa wageni wa mambo, walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nina uzoefu, sidanganyiki na jina", mheshimu, kisha mfunike macho.

Sasa ile kadi ya sauti, na ubishi wa namba. Kijana mmoja amenieleza kwamba sauti ya kidijitali ni ngazi, na ukiongeza sampuli, yaani mara ambazo wimbi la sauti linapimwa kwa sekunde, ngazi zinakuwa laini. Mchoro huo upo kwenye matangazo mengi na unapotosha. Harry Nyquist aliweka msingi mwaka 1928, Claude Shannon akaukamilisha 1949: ukichukua sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, unaweza kulirudisha wimbi lote, lenye mviringo wake, bila ngazi yoyote. Sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu hezi 20,000. Mara mbili yake ni 40,000, ongeza nafasi kidogo ya kuchuja, unafika sampuli 44,100 kwa sekunde, zile za sidii.

Mnajua kwa nini 44,100, na siyo namba ya mviringo? Siku hizo sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye mikanda ya video. Mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani ulikuwa na nusu picha 60 kwa sekunde, mistari 245 iliyofaa kutumika, sampuli 3 kila mstari. Zidisha: 44,100. Mfumo wa Ulaya, 50 mara 294 mara 3: jibu lile lile. Namba tunayoigombania kama imeshuka kutoka mbinguni ilitokana na video.

Kuhusu biti, yaani wingi wa tarakimu zinazoandika kila sampuli: 16 zinakupa nafasi ya karibu desibeli 96 kati ya kelele ya chini na kilele. Chumba chenu chenye feni na bodaboda dirishani hakina hata nusu ya utulivu huo. Hata hivyo wakati wa kurekodi tumieni 24, kwa sababu zinakuruhusu kuacha nafasi kubwa juu, mwimbaji akipayuka ghafla sauti isipasuke. Hiyo ni sababu ya kazi, inatosha, haihitaji hadithi.

Na je, namba kubwa zinasikika? Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio: wakapiga rekodi za ubora wa juu, na katikati ya njia wakaingiza kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha sidii, msikilizaji asijue lini kipo na lini hakipo. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Rusha sarafu, utapata hivyo hivyo. Lakini msiifunge daftari hapo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya tafiti 18, majaribio zaidi ya 12,000, akapata majibu sahihi asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo huenda kuna kitu, kidogo sana, kwa baadhi ya watu, baadhi ya nyakati. Hivyo ndivyo elimu inavyozungumza: inakupa ukubwa wa tofauti. Ukishajua ukubwa, unaamua mwenyewe kama ni hapo utaweka pesa wakati mwimbaji wako anaimba kwenye chumba cha vigae.

Waya, kijana wangu wa siri, nakujibu haraka. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule ambao mafundi umeme wanapitisha kwenye soketi za nyumba. Mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.14. Spika yako ni omu 8. Unapoteza chini ya desibeli 0.2. Nunua huo, uwe na rangi upendayo.

Waya zinazostahili wasiwasi ni za maiki, zile za njia tatu, na tatizo lake ni kuungwa vibaya. Ukisikia mvumo mzito wa hezi 50, mara nyingi umeunganisha vifaa kwenye soketi mbili zenye njia tofauti za ardhi. Leta vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, au tumia kisanduku chenye transfoma kwenye njia ya sauti. Kukata waya wa ardhi wa plagi ili mvumo uishe, hapana. Nimeona mafundi wakifanya hivyo na kujisifu. Mvumo unaisha kweli, na mwimbaji anabaki ameshika chuma ambacho siku moja kitakuwa na umeme.

Kuna atakayesema nimeugeuza muziki kuwa hesabu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Masafa yaliyoingia kwenye santuri zile yaliishia kilohezi chache tu, na mikwaruzo juu yake. Ukimsikiliza leo bado anakusimamisha. Hakuna kipimo changu kinachoeleza jambo hilo, na sitajaribu. Namna ya kupanga fidla na ganuni ili sauti ya mwimbaji ikae juu yao ni uamuzi, na uamuzi huo ni wenu. Vipimo vinawaondolea mnayojidanganya nayo, ili muda na pesa vibaki kwa ajili ya uamuzi huo.

Jambo la masikio yenyewe, kwa kifupi kwa sababu mwenyekiti ananiangalia. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unagawanyika nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, na ukifika 100 una dakika 15. Harusi ya kawaida ya kwetu hukaa juu ya hapo usiku kucha. Vizibo vya masikio ni bei ya soda mbili tatu.

Sasa kazi. Kompyuta hii ina wimbo mmoja katika mafaili mawili: A ni wa sampuli 96,000 na biti 24, B umeshushwa hadi 44,100 na biti 16, viwango vimelinganishwa. Nitapiga A, nitapiga B, kisha nitapiga X, ambayo programu imeichagua kwa bahati nasibu hata mimi siijui. Mtaandika X ni ipi. Raundi 16. Anayekisia tu ana nafasi chini ya 4 katika 100 ya kupatia 12 au zaidi, kwa hiyo 12 ndiyo alama yetu. Ila hapa mko kama 60. Kwa bahati tupu wawili hivi watafikisha, na watatoka wakitamba mtaani. Kwa hiyo watakaofikisha 12 wasiondoke: watarudia peke yao baada ya chakula, raundi nyingine 16. Aliye kiti cha pembeni ahamie katikati, feni zizimwe, na msitazamane karatasi. Walimu nao wanaandika. Raundi ya kwanza.